Bunia: Siku moja kwenye Milima ya Bluu, mahali reli haikufika

Saa kumi na mbili asubuhi jua linachomoza Bunia, na kwenye parkingi ya magari ya Kasenyi madereva tayari wanaita abiria. Wamama wa samaki wanapanga mabeseni matupu juu ya gari. Jioni yatarudi yamejaa. Mtu akifika peke yake, bila mzigo, bila beseni, wanamtambua haraka. “Papa, uko peke yako? Ingia mbele, utaona mlima vizuri.”

Watu wa namna hiyo wapo kila wiki: mwalimu aliye likizoni, mfanyabiashara aliyemaliza shughuli zake mapema, mfanyakazi wa shirika aliyepewa siku moja ya kupumzika. Wanataka kuona Milima ya Bluu, kushuka hadi Ziwa Albert, kula samaki, kisha kurudi mjini kusikiliza muziki usiku. Njia yote ina karibu kilomita 50 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Mahali pengine Afrika Mashariki, mteremko kama huu unatembelewa kwa treni. Huku Ituri reli ilipangwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini haikufika. Hakuna kituo, hakuna ratiba ukutani. Msafiri wa Bunia anapanga siku yake kwa saa moja tu: saa ambayo lazima awe amerudi.

Kutoka mjini hadi Bogoro

Bunia iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana asubuhi watu wanavaa makoti, na wageni kutoka Kisangani wanalalamika baridi. Gari likitoka mjini linapita kwenye vilima vya majani, mashamba ya muhogo na mahindi, na ng'ombe wa Wahema wanaovuka barabara bila haraka. Kisha vinaanza vizuizi vya barabarani. Kwenye kila kizuizi abiria anaonyesha kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho pekee walichonacho. Anayesafiri peke yake anaulizwa maswali mengi kuliko wengine: anatoka wapi, anakwenda kwa nani, anarudi lini.

Baada ya kilomita 25 hivi gari linafika Bogoro. Kwa mgeni ni kijiji cha kando ya barabara kama vingine. Kwa mtu wa Ituri, jina hilo lina uzito. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa alfajiri, na watu zaidi ya 200 wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilimpata Germain Katanga na hatia mwezi Machi 2014 na kumhukumu kifungo cha miaka 12. Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa kwa shambulio hilohilo, aliachiliwa Desemba 2012. Mwezi Machi 2017 mahakama iliamuru fidia kwa waathiriwa 297, na kila mmoja wao akatajwa kupata dola 250 kama alama ya kutambua maumivu yake.

Magari hayakai sana Bogoro. Abiria wanashuka kununua ndizi au mahindi ya kuchoma, wanapanda tena. Lakini anayetazama dirishani anaelewa kwa nini barabara hii ilipiganiwa: anayeshika Bogoro anashika njia kati ya Bunia na ziwa, yaani samaki, mafuta ya gari, chumvi, na kila bidhaa inayovuka maji kutoka Uganda.

Mahali uwanda unapokatika

Mbele ya Bogoro ardhi inakatika. Barabara inafika ukingoni, na ghafla ziwa lote linaonekana chini, rangi ya chuma asubuhi na rangi ya bluu mchana. Maji yako kwenye mita 620 hivi, na upana wake ni karibu kilomita 30. Hewa ikiwa safi, ukuta wa milima ya Uganda unaonekana ng'ambo. Huku kusini mto Semliki unaingia ziwani kupitia tambarare pana. Hilo ni Bonde la Ufa, mkono wake wa magharibi, lililopasuka na kushuka huku kingo zake mbili zikibaki juu.

Wanyoro waliliita ziwa hili Mwitanzige, muua nzige. Mwingereza Samuel Baker alilifikia kutoka upande wa Uganda tarehe 14 Machi 1864, akalipa jina la Albert. Wakati wa Zaïre liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na utawala ulipoanguka mwaka 1997 jina la zamani likarudi. Milima, kwa upande wake, imepata jina kwa umbali: anayeitazama kutoka ng'ambo ya maji anaiona bluu. Anayesimama juu yake anaona majani na mawe.

Mnamo tarehe 13 Desemba 1887 Henry Morton Stanley alifika kwenye ukingo wa uwanda huu akitokea msitu wa Ituri. Alikuwa akimtafuta Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria aliyekuwa amezingirwa upande wa kaskazini. Walikutana tarehe 29 Aprili 1888, baada ya Emin kuja kwa meli yake ya mvuke. Wengi wa wapagazi wa Stanley walikuwa watu wa Unguja. Walikuwa wamevuka msitu kwa miezi mitano, wenzao wengi wamekufa njiani kwa njaa na magonjwa, na walipouona uwanda wazi na ziwa, walishangilia kwa Kiswahili.

Leo mteremko unaanza kwa kona kali. Malori yanashuka kwa gia ya kwanza, msaidizi wa dereva akining'inia nyuma na kipande cha mti mkononi, tayari kukiweka chini ya gurudumu breki zikikataa. Mvua ikinyesha, lori moja likikwama linafunga njia kwa wote. Wenye pikipiki ndio wanaopita pembeni.

Kwa nini treni haikushuka hapa

Swali la reli si la ndoto. Mwezi Januari 1902 iliundwa kampuni ya CFL, iliyokuja kujulikana kama reli ya Maziwa Makuu. Moja ya njia zilizokusudiwa ilikuwa ya kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Ziwa Albert upande wa Mahagi. Wapimaji waliona msitu mkubwa, mito mingi, na mwishoni ukuta huu wa milima. Kampuni ikageukia kusini. Ilijenga Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo ni Ubundu ya leo, mwaka 1906, kisha Kindu hadi Kongolo, na mwaka 1915 ikafika Ziwa Tanganyika mjini Albertville, leo Kalemie. Ziwa Albert likaachwa.

Jaribio la pili lilitoka kaskazini. Kampuni ya Vicicongo, iliyoundwa 1924, ilijenga reli nyembamba ya sentimita 60 kutoka Aketi, kupitia Buta na Paulis, ambayo ni Isiro ya leo. Mwaka 1937 ilifika Mungbere na kusimama hapo. Kutoka Mungbere hadi Bunia, kwa mstari ulionyooka, kulibaki zaidi ya kilomita 200. Pamba, kahawa na mizigo ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto iliendelea kubebwa na malori. Hata sehemu iliyojengwa imekufa polepole. Katika vijiji vingi vya Uele reli zimefunikwa na nyasi.

Hesabu ya mlima pia ilikuwa ngumu. Treni ya kawaida haipendi mteremko unaozidi mita mbili au tatu kwa kila mita mia moja. Ili kushuka zaidi ya mita 600 kwa kiwango hicho, njia ingehitaji kuzunguka kilomita 25 au zaidi kwenye ukuta wa mlima, ikiwa na madaraja na mahandaki. Kongo ilijua gharama ya kazi hiyo. Reli ya Matadi hadi Léopoldville, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898 kupitia Milima ya Kristali, iliua watu karibu 1,900 kwa hesabu rasmi, na 1,800 kati yao walikuwa Waafrika.

Kenya ilikuwa na tatizo hilohilo kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa. Wajenzi wa reli ya Uganda walipofika ukingo wa Kikuyu, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Zaidi ya karne moja baadaye reli mpya ya SGR ilipita ndani ya vilima vya Ngong kwa handaki la kilomita 4.5, na mwezi Oktoba 2019 treni ya abiria kutoka Nairobi hadi Suswa ikazinduliwa. Mlima wa namna moja, bonde moja: upande ule anapita abiria na tiketi yake, upande huu anapita msaidizi wa dereva na kipande cha mti.

Kasenyi, mchana

Chini joto ni lingine kabisa. Makoti ya Bunia yanavuliwa. Kasenyi ni mji wa mchanga, nyavu na harufu ya samaki. Mitumbwi mikubwa ya mbao yenye injini inapakua magodoro, sabuni, biskuti na madumu ya mafuta kutoka Ntoroko, Uganda. Upande mwingine, tilapia na kapiteni wanapimwa, na wale wadogo wanaanikwa juani au kutiwa chumvi.

Saa ya mkononi hapa inaleta mabishano. Ituri inafuata saa ya mashariki mwa Kongo, na Uganda iko mbele kwa saa moja. Saa sita mchana Kasenyi ni saa saba Ntoroko. Mfanyabiashara aliyeahidiwa mzigo “saa tisa” lazima aulize: saa tisa ya wapi? Mpaka wenyewe uko katikati ya maji, hauna alama yoyote, na wavuvi wa Kongo wamekamatwa mara nyingi wakiambiwa wamevuka.

Mwaka 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika nyumba za kando. Familia ambazo zilikuwa zimekimbia vita zikakimbia tena, safari hii maji.

Zamani msafiri angeweza kufika hapa akitokea baharini bila kutembea kwa miguu. Katika miaka ya 1930 alipanda treni Mombasa, akapita Nairobi, akapanda hadi Timboroa, kituo kilicho juu ya mita 2,700 kwenye milima ya Kenya, kisha akashuka hadi Namasagali nchini Uganda. Meli ilimvusha Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, gari likampeleka Butiaba, na meli ya mvuke Robert Coryndon ikamvusha Ziwa Albert hadi Kasenyi au Mahagi-Port. Kutoka hapo gari lilipanda mlima huuhuu hadi Bunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mafuriko yaliharibu bandari ya Butiaba, na meli hiyo ikazama.

Upande wa Uganda, reli ilifika Pakwach mwaka 1964, jirani kabisa na Mahagi, kisha nayo ikalala. Mwezi Oktoba 2024 serikali ya Kampala ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, kujenga kilomita 272 za SGR kati ya Malaba na Kampala. Katika mipango yake ya baadaye kuna matawi yanayoelekea mipaka ya Kongo. Wafanyabiashara wa Kasenyi wamesikia habari hizo redioni. Wanachouliza ni kama barabara ya kupanda mlima itatengenezwa kabla ya masika.

Kurudi kabla ya giza

Ituri iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Madereva wanahesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Kupanda mlima na mzigo kunachukua muda kuliko kushuka. Vizuizi vina foleni. Pancha moja inakula nusu saa. Kwa hiyo gari la mwisho la busara linatoka Kasenyi mapema alasiri, na abiria anayebaki kupiga picha ya ziwa anaachwa.

Hofu hiyo ina sababu. Makundi yenye silaha bado yapo Irumu na Djugu, na wanaolipa kwanza ni raia wa barabarani na wakimbizi katika kambi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, uliotangazwa na Rais Félix Tshisekedi pamoja na ule wa Kivu Kaskazini. Mwezi Februari 2025 jeshi la Uganda nalo liliingia Bunia, likisema linasaidiana na FARDC. Kuna wiki ambapo barabara inapitika bila shida, na kuna siku ambapo parkingi inanyamaza kwa sababu ya habari moja iliyofika alfajiri.

Kwa hiyo anayetaka kufanya safari hii peke yake anafanya kwanza yale ambayo wenyeji wanafanya. Jioni ya kuamkia safari anapita parkingi kuuliza madereva, kwani wao ndio wanajua. Anaacha jina la mwenye gari kwa mtu wa nyumbani. Anabeba kadi yake, maji, na pesa ndogo ndogo za franka. Hapigi picha kwenye vizuizi wala karibu na askari. Na wakimwambia leo hakuna safari, anarudi kulala.

Bunia usiku

Gari likiingia mjini taa za Boulevard de Libération zinawaka. Umeme ni wa hapa na pale: baadhi ya mitaa inapata wa kituo cha Budana, kilichojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu, mingine inategemea jenereta na sola. Usiku mtaa wenye jenereta unajulikana kwa sauti kabla ya mwanga.

Abiria anaoga, anabadilisha shati, anatoka tena. Kwenye nganda za mjini viti vya plastiki vimepangwa nje. Primus inakuja na vikombe, spika zinaanza na rumba ya zamani kwa ajili ya wazee, kisha ndombolo, kisha Bongo Flava kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya vijana. Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2021. Huku Bunia haikuhitaji cheti ili watu wasimame kucheza. Meza moja inazungumza Kiswahili, ya pili Lingala, ya tatu Kihema au Kilendu, na zote zinacheka kwa wakati mmoja refa akikosea kwenye televisheni.

Si kila mtu anaketi kwa raha sawa. Mwanamke aliye peke yake kwenye nganda bado anatazamwa, na wengi wanapenda kuja wawili au watatu, au kununua chakula na kuondoka. Anayeketi peke yake, mwanaume au mwanamke, anachagua meza iliyo karibu na mwenye duka. “Yaya, usiwe na wasiwasi, keti hapa karibu yangu,” mama wa jiko anasema, na hiyo inatosha kama ulinzi wa jioni.

Wakaaji wanaokumbuka Mei 2003 wanajua thamani ya viti hivyo nje. Wakati huo wanamgambo walikuwa wakipigania mji nyumba kwa nyumba, na watu walilala wakizunguka kambi ya MONUC na uwanja wa ndege. Kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoitwa Artemis kilifika Juni na kuondoka Septemba mwaka huo. Kwa muda mrefu usiku wa Bunia ulikuwa wa mbwa na askari tu. Kurudi kwake kulianza na mama mmoja na taa ya mafuta, mwingine akaleta mikate, mwingine mbuzi wa kuchoma.

Juu ya makaa, karibu na brosheti za mbuzi, wako samaki. Ni walewale wa Kasenyi. Walipanda mlima mchana ndani ya mabeseni, wamefunikwa kwa majani, labda katika gari moja na mtu anayewasubiri sasa mezani na kipande cha ugali wa muhogo na sombe. Safari nzima ya siku iko kwenye sahani moja.

Ndiyo maana wenyeji wa Bunia hawasubiri tangazo la serikali ili kujua hali ya barabara. Wanauliza bei ya samaki usiku. Ikishuka, malori yalipita. Ikipanda mara mbili kwa siku moja, kuna kitu kimetokea mlimani. Na kama mama anasema leo kuna mbuzi tu, wateja hawaulizi kwa nini. Wanamaliza chupa mapema, wanalipa, na kila mmoja anatafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani.

Katika jioni nzuri, mambo huwa tofauti. Samaki wapo, muziki unaendelea, na dereva wa asubuhi anapita kusalimia. Anauliza kama kesho kuna mtu anayekwenda. Nafasi ya mbele iko wazi.